Chokaa Kwenye Bega: Maswali Yanayoulizwa Mitaa ya Eastlands

Mtu analala mzima, kisha saa nane za usiku anaamshwa na bega. Anakaa kitandani ameshikilia mkono mmoja kwa mwingine mpaka kunakucha. Asubuhi hawezi kuvaa shati bila kusaidiwa, na kuchana nywele ndiko hathubutu. Jirani anamwambia ni baridi imemwingia. Kwenye duka la dawa anachomwa sindano ya kutuliza maumivu, anapata nafuu ya siku moja, halafu mambo yanarudi palepale. Baadaye anapigwa picha ya eksirei, na karatasi inayoandamana na picha inasema kuna kalisiamu, yaani chokaa, kwenye ukano wa bega. Hofu huanzia hapo, na matumizi ya pesa yasiyo na mpango huanzia hapo pia. Maswali yanayofuata ni yale ambayo watu wa Umoja, Kayole, Dandora, Buruburu na Jericho huuliza wakiwa na karatasi hiyo mkononi.

Chokaa hiyo iko wapi hasa?

Bega linashikiliwa na misuli minne midogo inayotoka kwenye mfupa mpana wa mgongoni na kujishikiza juu ya mfupa wa mkono. Mahali msuli unapoungana na mfupa pana ukano, yaani ile nyama nyeupe, ngumu, isiyovutika sana. Ukano wa juu kabisa hupita kwenye mwanya mwembamba chini ya mfupa unaofunika bega. Unapoinua mkono kushika chuma cha matatu, kuanika nguo kwenye kamba au kupaka dari rangi, ukano huo ndio unaofanya kazi. Mara nyingi ndio unaopata chokaa.

Chembe za kalisiamu hujikusanya ndani yake, kiasi cha sentimita moja au mbili kutoka pale unapoungana na mfupa. Ni madini yaleyale yanayojenga mfupa na jino, ila hapa yamejiweka mahali yasipohitajika. Ukiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha utaona kichwa cha mfupa wa mkono, na juu yake kidogo, kwenye eneo lililopaswa kuwa jeusi, kuna doa jeupe. Litazame kingo zake. Doa lenye kingo kali na weupe mzito kwa kawaida ni chokaa kavu iliyotulia. Doa lililofifia, ambalo kingo zake hazishikiki kwa macho, mara nyingi ni chokaa iliyoanza kuyeyuka. Tofauti hiyo ina maana kubwa, na tutairudia.

Je, imeletwa na maziwa, au na maji ya kisima?

Hapana. Swali hili lina uzito Eastlands kwa sababu mifereji ikikauka watu hununua maji ya visima virefu, na yale yenye chumvi huacha utando mweupe ndani ya birika na sufuria. Ni rahisi kudhani kwamba utando huohuo umejipaka begani. Lakini mwili haufanyi kazi kwa njia hiyo. Kiwango cha kalisiamu katika damu kinasimamiwa na homoni na figo, na wengi wenye chokaa begani wakipimwa damu, kalisiamu yao huwa ya kawaida kabisa. Endelea na maziwa, omena, sukuma wiki na terere. Mama aliye katika umri wa kukoma hedhi akiacha maziwa kwa ajili ya bega, atakuwa anaidhoofisha mifupa yake bila kulisaidia bega hata kidogo.

Wanawake wengine huuliza kuhusu odowa, lile jiwe laini linalouzwa sokoni na kutafunwa hasa na waja wazito. Odowa si chanzo cha chokaa hii. Ina masuala yake mengine kwa mjamzito, na hayo azungumze na muuguzi wa kliniki.

Basi imetoka wapi?

Kwa sababu ambazo sayansi bado inazichambua, seli za ukano hubadilika tabia na kuanza kutoa kalisiamu. Hans Uhthoff, daktari wa mifupa aliyefanya kazi Ottawa nchini Kanada, pamoja na wenzake, walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba jambo hili lina mpangilio wa hatua zake: seli hugeuka, chokaa hujengeka, hukaa, halafu mwili wenyewe huigeukia na kuiondoa, na ukano hujitengeneza upya. Kwa hiyo ukano wako haukuoza wala haukuchakaa kwa uzee. Wengi wanaopata hali hii wana umri wa kati ya miaka 30 na 60, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Watu wenye kisukari au matatizo ya tezi ya thairoidi huonekana nayo zaidi, na hiyo ni sababu tosha ya kuomba upimwe sukari ukifika kituo cha afya kwa ajili ya bega.

Ni kazi yangu iliyoniletea?

Msusi anayesimama na mikono juu kutwa nzima, fundi wa Kamukunji anayefua mabati, mama fua na kondakta wa matatu wote huamini hivyo. Ukweli ni kwamba chokaa huwapata hata watu wa kukaa ofisini. Mwaka 1941 daktari wa New York, Boardman Bosworth, alichapisha matokeo ya kuchunguza mabega ya wafanyakazi wa ofisi zaidi ya 6,000. Karibu 3 kati ya kila 100 walikuwa na chokaa, na wengi wao hawakuwa na habari kwa kuwa hawakuhisi maumivu. Kazi ya kuinua mikono haijengi chokaa, ila bega lililokwisha kuwa na chokaa huumia zaidi kwenye kazi hiyo.

Utafiti huo una funzo jingine ambalo linafaa kukumbukwa pale unapoonyeshwa doa jeupe kwenye picha: doa linaweza kuwepo na maumivu yakawa yanatoka kwingine. Daktari anayelinganisha picha na mkono wako, akauinua, akausukuma, akakuuliza pale panapouma, anakufanyia kazi ambayo picha peke yake haiwezi.

Mbona nimekaa miezi bila shida, kisha ghafla nikashindwa kulala?

Hili ndilo jibu ambalo ningependa kila mgonjwa alisikie kabla ya kutoa hata shilingi.

Chokaa inapojengeka na kutulia huwa kavu, na bega huuma kwa kiasi tu: ukiinua mkono, ukilalia upande huo, ukibeba ndoo. Wengine hawahisi lolote. Baadaye, na hakuna anayeweza kukutajia tarehe, mwili huamua kuiondoa. Mishipa midogo ya damu huizunguka, seli za kinga huanza kuila, na chokaa iliyokuwa kavu hulainika kama dawa ya meno. Shinikizo ndani ya ukano hupanda. Chembe nyingine hupasuka na kumwagikia kwenye kifuko cha majimaji kilicho juu ya ukano, nacho huvimba na kuwaka moto. Usiku ule usiolalika, ambao mgonjwa anadhani bega linakufa, mara nyingi ni usiku ambao bega limeanza kujisafisha.

Maumivu hayo makali kwa kawaida hudumu siku kadhaa hadi wiki chache, kisha hupungua. Ndiyo maana tunaomba picha itazamwe vizuri. Mtu mwenye doa linalofifia, ambaye maumivu yake yalianza ghafla wiki iliyopita, anahitaji dawa nzuri ya maumivu na subira kuliko anavyohitaji kisu. Yule mwenye doa kali lisilobadilika, anayesumbuliwa kwa mwaka mzima, njia yake ni nyingine.

Nitajuaje kwamba si ugonjwa mwingine?

Yapo maumivu ya bega yasiyosubiri. Bega la kushoto au mkono ukiuma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi, huo unaweza kuwa moyo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usikae kusubiri kuche. Bega likiwa jekundu, la moto, limevimba, nawe una homa na kutetemeka, kiungo kinaweza kuwa na usaha, na hilo pia ni la dharura. Mkono ukikataa kuinuka baada ya kuanguka kwenye bodaboda au ngazi, pengine mfupa umevunjika au ukano umekatika. Na mtu anayepungua uzito, anayetokwa na jasho usiku au mwenye kikohozi kisichoisha apimwe kifua kikuu, kwa sababu ugonjwa huo hushambulia viungo pia.

Kuna vilevile bega lililoganda, linalowapata sana wenye kisukari. Hilo huanza taratibu na kufunga mkono pande zote, hata mtu mwingine akijaribu kukuinulia hauendi. Matibabu yake yanafanana na haya kwa sehemu, lakini muda wake ni mrefu zaidi.

Wiki hii ya maumivu makali nifanye nini?

Ulaze mkono. Ufunge kwa leso shingoni siku mbili tatu ukiwa macho, lakini uutoe mara kadhaa kwa siku ukunjue kiwiko na vidole. Weka barafu iliyofungwa kwa taulo juu ya bega, dakika 10 hadi 15. Nyumba isiyo na friji inaweza kununua barafu dukani. Usiku lala chali na mto mdogo chini ya kiwiko, au lala upande mzima ukikumbatia mto. Kulala nusu umekaa huwasaidia wengi siku za kwanza.

Kuhusu dawa, tafadhali soma sehemu hii polepole. Parasetamoli kwa mtu mzima haipaswi kuzidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ibuprofeni na diklofenaki hutuliza uvimbe vizuri zaidi, na ni dawa za kundi moja, kwa hiyo usizitumie pamoja. Maduka mengi ya dawa mitaani huuza vidonge vilivyochanganywa, diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja; mtu akiongeza parasetamoli nyingine juu yake anajizidishia bila kujua. Uliza ndani ya kidonge kuna nini. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha ya juu au ugonjwa wa moyo, na mjamzito, asinywe ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya kumwona mhudumu wa afya. Na sindano ya diklofenaki inayochomwa kwenye tako haina nguvu ya ajabu kuliko kidonge. Inaanza kazi mapema kidogo tu, na ina madhara yaleyale tumboni na kwenye figo.

Nina wasiwasi mkubwa zaidi na vidonge vinavyouzwa kwa jina la mitishamba ya mifupa, vilivyofungwa kwenye karatasi bila lebo. Katika nchi nyingi vidonge vya aina hiyo vimepimwa vikakutwa vimetiwa steroidi na dawa za maumivu kwa siri. Vinatuliza kweli, na huku vinapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa.

Nikandwe?

Katika siku za moto, yaani zile za maumivu makali, hapana. Kukandwa kwa nguvu na maji ya moto juu ya kifuko kilichovimba huongeza maumivu, na hakuna mkono unaoweza kuvunja chokaa iliyo ndani ya ukano, chini ya msuli mnene. Maumivu yakishatulia, kitambaa chenye joto juu ya misuli ya shingo na mgongo kinasaidia, na kukandwa polepole kwenye misuli iliyokaza hakuna ubaya.

Mazoezi gani, na nianze lini?

Anza mara tu usingizi unaporudi, hata kama bega bado linauma kidogo. Simama kando ya meza, egemea mkono mzima, inama mbele mpaka mkono mgonjwa uning'inie. Uache uwe mzito kabisa. Tikisa nyonga taratibu na mkono uufuate mwili wenyewe, mbele na nyuma, kisha kwenye duara dogo. Dakika mbili, mara tatu kwa siku.

Baada ya siku chache ukabili ukuta, utambaze vidole juu yake hatua kwa hatua mpaka pale maumivu yanapokuambia basi, na uweke alama ya penseli. Kesho ujaribu kuifikia alama hiyo. Alama zinapopanda utaona maendeleo ambayo mwenye maumivu huwa hayaoni. Baadaye kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye kitasa cha mlango, kibane kiwiko ubavuni na uvute ukanda kuelekea nje, kisha ugeuke uvute kuelekea ndani, mara kumi kumi. Maumivu madogo yanayoisha ndani ya muda mfupi yanaruhusiwa. Yakikukesha usiku, umezidisha; punguza kesho.

Mtaalamu wa fiziotherapia akuone angalau mwanzoni, akurekebishe mkao. Uliza kama amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Fiziotherapia la Kenya. Ni haki yako kuuliza, na mtaalamu wa kweli hachukizwi.

Nimeambiwa nichomwe sindano ndani ya bega. Ni salama?

Ni sindano ya steroidi, na hulengwa kwenye kile kifuko kilichovimba. Kwa mtu asiyelala ni msaada mkubwa, na nafuu yake ya wiki chache humpa nafasi ya kuanza mazoezi. Haiondoi chokaa. Isirudiwe ovyo, kwa kuwa steroidi nyingi zinaweza kudhoofisha ukano. Mwenye kisukari lazima aseme kabla ya kuchomwa, kwa sababu sukari hupanda kwa siku kadhaa baadaye na anapaswa kuipima zaidi ya kawaida.

Na mashine ya mawimbi, kuoshwa kwa sindano, au upasuaji?

Hapa ndipo familia huanza kuunda kundi la WhatsApp la mchango, kwa hiyo tutulie hapa.

Mashine ya mawimbi ya mshtuko hupiga bega kutoka nje. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani na Austria walichapisha jaribio lenye wagonjwa 144: waliopigwa mawimbi halisi walipata nafuu kuliko waliowekewa mashine bandia, na mawimbi yenye nguvu kubwa yalifanya vizuri kuliko yale madogo. Inauma wakati wa kufanyiwa, na inamfaa yule mwenye chokaa kavu iliyomsumbua kwa miezi, baada ya mazoezi kushindwa. Si ya siku za moto. Uliza bei ya awamu zote kwa pamoja kabla ya kulipia ya kwanza.

Kuosha ni kuingiza sindano ndani ya chokaa kwa kuongozwa na altrasaundi, kusukuma maji ya chumvi na kuyavuta yakiwa na ukungu mweupe wa chokaa. Mgonjwa akiona ule weupe kwenye bomba la sindano huridhika mno. Lakini mwaka 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio lililofanyika katika hospitali 6 za Norway na Sweden kwa watu 220. Wengine walioshwa chokaa na kuchomwa steroidi, wengine waliigiziwa kuoshwa lakini wakachomwa steroidi, na wengine waliigiziwa tu. Baada ya miezi minne makundi yote matatu yalikuwa sawa. Steroidi ilisaidia wiki za mwanzo, kisha tofauti ikafutika. Wapo madaktari wazuri wanaoendelea kuosha kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, ila mimi nisingekubali mtu auze cherehani yake kwa ajili hiyo.

Upasuaji wa matundu madogo, kwa kamera, hubaki kwa wachache ambao wamejaribu mengine yote kwa miezi mingi. Kupona kwake huchukua miezi, na kwa mtu wa kibarua hiyo ni miezi bila mapato. Daktari akikutajia upasuaji katika ziara ya kwanza, tafuta maoni ya daktari wa pili. Vivyo hivyo kwa picha ya MRI: kwa tatizo hili eksirei ya kawaida hutosha mara nyingi, na altrasaundi huongeza kile kinachopungua. MRI ina kazi pale ukano unaposhukiwa kukatika.

Nianzie wapi, na SHA italipa?

Anzia kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu, iwe Jericho, Bahati au Dandora. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba zinagharimiwa na hazina ya afya ya msingi kwa aliyejisajili. Kujisajili ni kwa *147#. Ukipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, kwa mfano Mama Lucy Kibaki au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hapo mchango wako unapaswa kuwa umelipwa: asilimia 2.75 ya mapato, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya picha au tiba yoyote uliza kaunta ni kiasi gani SHA inalipa na ni kiasi gani utatoa mfukoni. Beba picha zako zote za zamani. Picha ya mwezi wa tatu ikiwekwa kando ya ile ya mwezi wa saba humwonyesha daktari kama doa linayeyuka, na unaweza kuokoa gharama ya vipimo vingine.

Ikishapona itarudi?

Chokaa ikiyeyuka kabisa, kurudi kwenye ukano uleule ni nadra. Bega la pili linaweza kupata yake, na wengine huwa nayo pande zote mbili bila kujua. Ikitokea, utakuwa unaijua njia: leso, barafu, dawa sahihi kwa kipimo sahihi, kisha ukuta na penseli.